Chupa Zilizokuwa Safi Mno

Siku nilipostaafu nikakabidhi ufunguo wa kabati la vioo, binti mmoja wa maabara aliniuliza kama ni kweli kwamba zamani hadubini zilitumia jua badala ya taa. Nilimwambia ni kweli, na mawingu yakitanda tulikaa tukinywa chai. Alicheka, akadhani namtania. Basi nimeona niandike, maana nyinyi vijana mmezikuta mashine zenye waya na mnaona kama zilimea hapo zenyewe. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa kuja, na mishahara ikachelewa zaidi. Nataka kuwaeleza miaka ya hamsini, nilipoanza kazi, na hasa habari za chupa za kijiji kimoja upande wa Munje, ambazo zilituumiza vichwa kwa sababu zilikuwa safi.

Niliajiriwa kwa kuwa mimi ni mwanamke, wala sikuwa na sifa nyingine ya maana. Watafiti walikuwa wamekuja pwani ya kusini kuchunguza maradhi yetu, na kila kundi lilishika lake. Wengine walifuata matende na mabusha, wakawa wanatoa watu damu usiku kwa sababu wadudu wake mchana hujificha. Wengine walikuwa na safura. Kundi letu, lililokuwa na banda la makuti karibu na Msambweni, lilishughulikia kichocho. Walihitaji mkojo wa watu wa kila nyumba, wanaume kwa wanawake. Wapimaji wanaume walikuwa wakipiga hodi, wanajibiwa kutoka ndani kwamba mwenye nyumba yuko shamba, na mlango haufunguliwi. Ndipo wakatafuta mwanamke wa hapa hapa anayejua kusoma. Nilikuwa nimesoma madarasa machache, na nilikuwa na mdomo.

Baba alikubali. Mama ndiye aliyekuwa na masharti. "Mkojo ni najisi, Mwanatumu," aliniambia. "Hiyo leso utakayobebea chupa usiingie nayo humu ndani, wala usisimame nayo kwenye sala." Akanitengea leso moja kuukuu, na ndoo ya maji nje ya ua. Kila jioni nilioga kwanza kabla ya kusalimia watu. Miaka mingi baadaye nilifundishwa kanuni za usafi wa maabara na mwalimu mwenye vyeti, nikaona hakuna jipya. Mama alikuwa amenifundisha zote pale uani.

Mkuu wetu alikuwa daktari mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya ukili. Alikuwa akishinda kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, suruali ameikunja, anaokota konokono kwa kijiko cha chujio na kuwatia kwenye mtungi. Watu wakamwita Daktari Konokono. Alipoulizia maana ya jina lake, tukamweleza, alifurahi kama aliyepewa zawadi. Kiswahili chake alikijua cha vitabuni, lakini kila alichokiona alikiuliza: mbona mnaogea huku na si kule, mbona maji haya yana magugu na yale hayana. Sijapata kuona mtu mzima mwenye maswali kama yule, na nadhani ndiye aliyeniambukiza.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Bwana Kassim, mpimaji aliyetoka Vanga, mtu wa maneno machache na kanzu isiyokuwa na doa hata akishinda na mikojo. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya hadubini, akageuza kioo chake cha chini mpaka kikanasa jua, akaniambia nitazame.

"Waona nini?"

"Naona msitu," nikasema.

"Hizo ni kope zako, Mwanatumu. Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi nyuma, na msitu ukaondoka. Pakatokea duara la mwanga, na katikati yake yai. Lilikuwa refu kidogo, la rangi ya asali, na upande mmoja lilikuwa na mwiba. Bwana Kassim akanieleza kwamba mdudu mwenyewe hukaa ndani ya mishipa ya mtu, hutaga mayai haya, na mayai yakipasua njia kwenye kibofu ndipo damu hutoka. Mtu akikojoa majini yai huanguliwa, kinachotoka humo humwingia konokono, kisha humtoka konokono kikiwa na umbo jingine, na kumwingia mtu anayeoga au kuvuna mpunga. Nilisikiliza mdomo wazi. Niliyaoga maji yale tangu utotoni, na hakuna aliyeniambia kwamba yalikuwa na safari kama hiyo ndani yake.

Kanuni za Bwana Kassim zilikuwa chache na hakuwa akizirudia. Chupa ipokewe adhuhuri, maana mayai hutoka mengi jua likiwa juu. Aliyeitoa awe ametembea au ameruka kidogo kwanza. (Wazieni msichana mgeni anayewaambia mabibi wazima waruke.) Chupa ikifika iachwe itulie, kisha mrija uteremshwe mpaka chini kabisa, kwa sababu yai ni zito, hukaa kwenye mashapo. Tulikuwa pia na mashine ya mkono ya kuzungusha vichupa ili mashapo yashuke haraka, ila ilipiga kelele kama ya kinu kibovu na alikuwa haipendi.

Sasa niwaeleze kijiji chenyewe. Kilikuwa na ziwa dogo nyuma ya mpunga, na Daktari alipolichota kwa kijiko chake alitoa konokono wale wale tuliowatafuta, tena wengi. Tulitegemea chupa za kijiji zijae mayai. Nilizigawa mwenyewe nyumba kwa nyumba, nikazikusanya mwenyewe. Bwana Kassim akapima kutwa. Hakuona kitu. Siku ya pili vile vile. Mkojo wa kijiji kizima ulikuwa mweupe kama maji ya mvua.

Daktari alizunguka meza akijisemea kwa lugha yake. Konokono wapo, watu wanaoga, mayai hayapo. Kwake hicho hakikuwa kikwazo, kilikuwa kitendawili, na macho yalikuwa yanamng'aa. Akaanza kuwaza kwamba labda watu wa pale wana kinga fulani ya asili, na kama wanayo ni jambo la kuchunguzwa miaka. Lakini dawa zilikuwa haba, na zilikwenda kwenye vijiji vilivyoonekana na ugonjwa. Kijiji kisichokuwa na mayai kingewekwa kando.

Nilipokwenda kukusanya chupa mara ya tatu ndipo nilipokaa na kuzungumza na Bi Mishi. Huyu alikuwa bibi mwenye heshima kubwa pale kijijini, kwa sababu ndiye aliyekuwa somo wa wasichana. Msichana akivunja ungo, yaani akipata damu ya kwanza ya utu uzima, alipelekwa kwake, akakaa ndani na kufundwa, kisha siku ya kutolewa wanawake wakapiga vigelegele na kucheza ngoma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Chupa yangu ile pale. Ya mjukuu wangu usiitake, huyo ni mwari, yumo ndani."

Mjukuu huyo, Mwanakombo, alichungulia mlangoni. Nilimjua. Alikuwa katika watoto wa kike wachache waliokuwa wameanza shule, na alikuwa hodari wa hesabu. Alikuwa mdogo mno. Alinichekea, nikaona jino lake moja limeng'oka, jipya bado halijamea. Nikashtuka.

"Huyu, bibi? Amevunja ungo huyu?"

"Nami nilistaajabu, lakini damu ni damu. Nguo nimeiona kwa macho yangu."

"Na shule?"

"Mwari haendi shule, mwanangu. Akishatolewa ndio amekuwa mtu mzima, na waposaji wataanza kupita. Ijumaa ya wiki ijayo tutamtoa, inshallah. Na wewe uje."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza damu hiyo hutoka lini. Akasema haina siku zake, mara ipo mara haipo, na mtoto akienda haja ndogo ndipo hulalamika kwamba kunamwasha. Nikamwambia, taratibu, na kwa adabu zote nilizofunzwa, kwamba huenda hiyo si damu ya ungo. Huenda ni kichocho.

Bi Mishi aliacha kusuka ukili wake. "Wataka kuniambia mimi, niliyewatoa wari wa kijiji hiki chote, akiwamo mama yako mdogo, kwamba sijui damu ya mwari?"

"La, bibi. Niwie radhi. Nataka chupa yake tu."

Nilidhani ninafukuzwa. Kisha akasema, "Haya. Nitakupa chupa, uitie kwenye hiyo darubini yenu. Mkiona mdudu, nami nimwone. Msipomwona, usirudi hapa na maneno haya tena, na mwari wangu atatolewa Ijumaa." Akaingia ndani, akachelewa sana, akatoka na chupa imefungwa kwa kitambaa safi.

Niliibeba chupa ile kama iliyojaa mafuta ya taa karibu na moto. Bwana Kassim aliipima mara ya kwanza, akaipima tena, akaizungusha kwenye mashine yake asiyoipenda. Hakuna. Nilimwomba nitazame mwenyewe, nikatazama mpaka shingo ikauma. Palikuwa peupe. Nilitoka nje ya banda, nikalia kwa hasira. Jino lile lililokuwa halijamea halikunitoka kichwani.

Kesho yake nilirudi kwa Bi Mishi kumpa majibu, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Hakunisimanga. Alikuwa mwungwana, na aliyeshinda hana haja ya maneno. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji ya ukwaju. Alikuwa ameyaacha kwenye bakuli yatulie. Akayamimina polepole sana kwenye gilasi yangu, yale ya juu, maangavu, na alipofika kwenye mashapo akasimamisha mkono, akayamwaga yaliyobaki kwenye shina la mgomba.

"Mbona unayamwaga, bibi? Mimi huyanywa hayo."

"Kwenu labda," akasema. "Hapa kwangu mgeni hapewi mashapo."

Nilikuwa nimeshapeleka gilasi mdomoni. Nikaishusha.

"Bibi, na ile chupa ya Mwanakombo, uliifanyaje?"

Akaniona mjinga. "Niliifanyaje vipi? Mkojo wenyewe ulikuwa na ukungu, una vitu chini, haya tupu. Nikupe hivyo uende ukamfunulie Mzungu wa watu, aseme nyumba hii haina adabu? Niliuacha ukatulia, nikakumiminia ule safi."

"Na majirani?"

"Wote niliwaambia wafanye hivyo. Waliniuliza, nami ni mkubwa wao. Kitu kikitoka nyumbani kwenda kwa mgeni kitoke kimetengenezwa."

Nawaambia kweli, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na sikufanya lolote kwa kumwogopa. Kijiji kizima kilikuwa kimetuheshimu hadi kikatunyima ugonjwa wake. Mayai yote tuliyokuwa tukiyatafuta yalikuwa yamemwagwa migombani. Nikamweleza Bi Mishi kwamba yai ni zito, hukaa chini, na kwamba sisi tunachokitaka ni hicho hicho kinachotia aibu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeajiriwa na wendawazimu. Lakini alimwita Mwanakombo, na adhuhuri ile mtoto alirukaruka uani akicheka, akatoa chupa nyingine. Ilikuwa na ukungu, na wekundu chini. Bi Mishi alinikabidhi huku amegeuza uso.

"Nami nakuja," akasema. "Nilisema nimwone."

Tukaenda wote watatu, Bi Mishi amejitanda buibui, anatembea mbele yetu. Bwana Kassim alipomwona alisimama akampa kiti. Nilimweleza yeye na Daktari habari ya ukwaju na mashapo. Bwana Kassim alitazama chini, mabega yakamtikisika. Kwake hicho kilikuwa kicheko kikubwa. Daktari hakucheka. Alikaa kwenye boksi mbele ya Bi Mishi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Mama, kosa ni letu. Tuliomba chupa, hatukusema ni ya nini."

"Mngesema," akajibu Bi Mishi. "Watu hawakatai kusema nanyi."

Bwana Kassim akateremsha mrija mpaka chini ya chupa, akatia tone kwenye kioo, akatazama, akanipisha. Yalikuwamo. Hayakuwa moja wala mawili. Kisha Daktari akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alichukua mashapo yale, akayachanganya na maji safi kwenye kichupa, akakiweka penye jua. Tukangoja muda wa kunywa chai. Akatia tone lake kwenye kioo, akamsogezea Bi Mishi hadubini.

"Naona msitu," akasema Bi Mishi.

"Hizo ni kope zako, bibi," nikamwambia. "Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma. Mkono wake ukashika ukingo wa meza.

"Kinatembea," akasema. "Subhanallah. Kinatembea, kina haraka, kinatafuta kitu."

"Kinatafuta konokono," akasema Daktari.

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi siku yangu ya kwanza. Alipoinua uso machozi yalikuwa yamemjaa. Akamvuta Mwanakombo, akamkumbatia mbele yetu sote, jambo ambalo wazee wa siku zile hawakulifanya ovyo. "Hiki," akasema, "ndicho nilichotaka kukipigia vigelegele."

Hakuna miongoni mwetu aliyekwenda kijijini kuwaeleza watu. Bi Mishi alikwenda mwenyewe. Aliingia nyumba kwa nyumba akisema sherehe ya Ijumaa haipo, mtoto ni mgonjwa, na chupa zote zilizotolewa ni bure, zitolewe upya na mashapo yake. Nadhani ilimgharimu. Mtu aliyeaminiwa maisha yake yote kujua jambo moja, kusimama mlango kwa mlango kusema safari hii sikulijua, si kazi ndogo. Lakini chupa zilizokuja wiki ile zilikuwa chafu kupita zote nilizowahi kubeba, na Daktari Konokono alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea mawaridi. Kinga ya asili hatukuisikia tena.

Matibabu hayakuwa kama haya yenu ya vidonge vya kumeza siku moja na kwenda zako. Watu walikuwa wameshaona maajabu ya sindano ya buba, mtu anachomwa mara moja na vidonda vinakauka, na Bi Mishi alidhani itakuwa hivyo. Ya kichocho ilipita kwenye mshipa, polepole, tena na tena, na ilimsokota mgonjwa kwa kichefuchefu na kikohozi. Siku moja Mwanakombo alilegea mikononi mwangu, midomo ikabadilika rangi. Daktari aliichomoa sindano, akapiga magoti chini pamoja nasi. Mtoto alizinduka akaomba maji. Nilimchukia mtu yeyote aliyebuni dawa ile, na nikajiuliza kama pana mahali ambapo kuna mtu anatafuta nyingine nzuri zaidi. Palikuwapo, lakini dawa yenyewe ilichukua muda wa kazi yangu nzima kufika.

Ziwa nalo lilitiwa mrututu, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ili konokono wafe. Walikufa, na samaki wakafa pia, na wanawake waliokuwa wakiwavua kwa tenga wakatusema vibaya. Mvua zilipokuja maji yakawa mengi, na Daktari akachota kwa kijiko chake, akakuta konokono wamerudi. Alikaa chini kwenye matope akasema, "Sasa, wametoka wapi hawa?" Mpaka anaondoka nchini hakuwa amepata jibu la kumridhisha, na mpaka leo mtu akiniambia kwamba jambo fulani la maji limekwisha, mimi huenda kuchota kwanza.

Mwanakombo alipona akarudi shule. Chupa yake ya mwisho ya matibabu ililetwa na Bi Mishi mwenyewe, ndani ya kapu, imefunikwa kwa leso mpya. "Niwie radhi, mwanangu," akasema, "nimekuletea uchafu wote kama ulivyotaka." Tulitafuta chini kabisa ya mashapo, mimi na Bwana Kassim kwa zamu, na hatukuona yai.

Miaka ikapita. Daktari alikuwa ameshaondoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye kiti cha hadubini. Siku moja adhuhuri mwanamke mmoja alitoka upande wa Munje kwa miguu, amebeba chupa. Akaniambia imetoka kwa Bi Mishi, ni ya mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu wa darasa la juu. Nguo imeonekana na damu. Wanawake wameshajua, ngoma ziko tayari, lakini bibi amewazuia wote. Amesema hakuna atakayefungua mdomo mpaka jibu litoke kwa Mwanatumu.

Niligeuza kioo nikanasa jua. Nilitazama juu, nikatazama katikati, nikateremsha mrija mpaka chini kabisa. Palikuwa na damu, na zaidi ya damu hapakuwa na kitu. Nilimwita Bwana Kassim, aliyekuwa karibu kustaafu, akatazama naye, akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie bibi," nikamwambia yule mwanamke, "ni mwari. Mwambie nimetafuta mpaka kwenye mashapo."

Akaniuliza kama kuna lingine. Nikamwambia amuulize bibi habari ya shule. Akacheka, akasema hilo bibi amekwisha kulijibu kabla hajaulizwa: ngoma itachezwa Ijumaa, na Jumatatu mtoto atakwenda kwenye hesabu zake.

Ijumaa ile nilioga mapema, nikavaa leso yangu safi, nikaenda. Bi Mishi aliponiona mlangoni aliwanyamazisha wanawake wote, akaninyooshea kidole mimi nianze. Nikapiga kigelegele cha kwanza.